Dizaina wa websaiti unayetaka kuanza koding, kaa hapa kidogo (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wadau habari za jioni. Jana kijana wa jirani hapa Kayole alinisimamisha kwa geti akaniuliza, "Dada, niachane na dizaini nianze koding, ama nitapotea?" Nikamwambia nipe usiku mmoja. Nimelala nikiwaza hilo swali nikaamka nalo, nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake wacha niandike hapa, maana najua mko wengi mmesimama pale nilikuwa nimesimama mimi na hakukuwa na mtu wa kuniambia mambo vile yalivyo.

Mimi nilianzia saiba, ndogo tu, ghorofa ya kwanza karibu na Tom Mboya. Kadi za harusi, kalenda, vitabu vya mazishi. Mtu anaingia saa kumi jioni na picha ya marehemu kwa simu, anataka nakala mia moja kesho asubuhi na lazima picha itoke vizuri kwa sababu ni ya mwisho. Pale ndio nilijifunza fonti, nafasi na rangi, na ile heshima ya kumaliza kazi ya mtu kwa wakati. Siku moja mteja akauliza kama natengeneza websaiti nikasema ndio, usiku huo huo nikaanza kujifunza WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti.

Miaka minne kazi ilikuwa ni hio. Unanunua templeti, unabadilisha rangi, unaweka nembo, unapanga picha, unachukua 15,000 yako, unaenda kwa mwingine. Ni kazi ya halali na imenilipia nyumba, sitaki mtu aidharau. Lakini kila mteja alikuwa anafika mahali anaomba kitu kimoja zaidi, "sasa hawa watu hawawezi kulipa hapo hapo?" ama "siwezi kuona nani ameagiza nini?" na mimi natafuta plagini (kipande cha programu cha kuongezea kwa WordPress), nikikosa plagini namwambia haiwezekani. Na ilikuwa inawezekana, ni mimi nilikuwa siwezi. Hilo liliniuma vibaya sana.

Mara ya kwanza kugusa msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwa mkono wangu niliangusha websaiti ya mtu. Mnajua WordPress imeandikwa kwa lugha ya programu inaitwa PHP tangu itoke 2003, na kuna ile faili inaitwa functions.php ambayo kila mtu kwa YouTube anakwambia "bandika hii pale". Nikabandika, nikahifadhi, ukurasa ukawa mweupe pe, hakuna nembo wala menyu, ata mlango wa kuingilia kama msimamizi umepotea. Ilikuwa saa tatu usiku. Nikaanza kufuta na kurudisha vitu bila mpango mpaka saa saba, mikono inatetemeka, alafu nikampigia kaka mmoja tulisoma naye. Hakuniuliza nilibandika nini, aliniuliza tu, "Erori inasema nini?" Nikamwambia hakuna erori, ni nyeupe. Akaniambia ingia kwa seva utafute faili inaitwa error_log, nisomee mstari wa mwisho kabisa.

Ilikuwa imeandikwa jina la faili, aina ya kosa, na mstari wa 84. Nimekaa nimeangalia mstari wa 84 nikaona uko sawa kabisa. Akaniambia panda juu mmoja. Mstari wa 83 haukuwa na ile alama ya nukta na mkato mwishoni, na PHP ilikuwa imeendelea kusoma ikitarajia sentensi iendelee mpaka ikagonga 84 ndio ikalalamika. Nikaweka alama moja, websaiti ikarudi yote.

Masaa manne nilikuwa napigana na kitu ambacho mashine ilikuwa imeniandikia sababu yake kutoka dakika ya kwanza, ni vile tu nilikuwa naogopa kusoma. Dizaina amezoea kuangalia. Kitu kikiharibika anakitazama kwa macho, anasogeza hapa na pale mpaka kikae. Kwa programu inabidi usome, pole pole, neno kwa neno, ata kama ni Kiingereza cha ajabu cha mashine. Huu ndio ugumu wa kwanza na hauhusiani na akili yako.

Baada ya hapo nikaanza JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya ukurasa, saa kumi asubuhi kabla sijatoka kwenda tao, kwa sababu jioni nikirudi na matatu ya Kayole kichwa kinakuwa kimeisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kikapu cha manunuzi cha mama mmoja anauza viatu Umoja. Kiatu 1,500, kupelekewa na bodaboda 200. Nikabonyeza kitufe, jumla ikatoka 1500200. Yaani milioni moja na nusu na ushee kwa jozi moja ya viatu! Nilikagua hesabu yangu mara kumi. Sasa sikia, chochote mtu anachoandika kwenye fomu ya ukurasa kinakufikia kama maandishi ata kama ni tarakimu, na alama ya + kwa JavaScript ina kazi mbili, ikipata namba inajumlisha, ikipata maandishi inayaunganisha mkia kwa kichwa. Hii lugha Brendan Eich aliiandika akiwa Netscape mwezi wa tano 1995 kwa kama siku kumi hivi, na mambo mengine ya zile siku kumi tunaishi nayo mpaka leo kwa sababu yakibadilishwa websaiti za watu zitavunjika. Dawa ni kugeuza kwanza kwa Number() ndio ujumlishe. Nikageuza, ikasema 1700, nikakaa nikaiangalia hio 1700 kama mtoto wangu.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe.

Mama wa viatu akataka malipo ya M-Pesa kwa ukurasa. Safaricom wana hio Daraja yao, mfumo wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, unajisajili, unapewa funguo, unajaribu kwa sandboksi (mahali pa majaribio) kwanza. Nikasoma wiki mbili. Siku ile kidirisha cha kuomba PIN kilitokea kwa simu yangu kikiwa kimeitwa na msimbo nilioandika mimi mwenyewe, nilitoka nje kwa balkoni nikasimama tu. Nikatengeneza ukurasa wa shukrani mzuri sana, kijani kibichi, alama ya tiki inajichora pole pole, "Asante, malipo yamepokelewa." Kwa ule ukurasa peke yake nilimaliza siku mbili.

Wiki ya tatu mama akanipigia. Mteja ameonyesha picha ya ule ukurasa wangu wa kijani, viatu vimepelekwa na bodaboda, vya 3,200, na kwa M-Pesa yake hakuna kitu kimeingia.

Shida ilikuwa hivi. Ukituma ombi la malipo unajibiwa papo hapo kwamba ombi limepokelewa, unapewa na namba yake inaitwa CheckoutRequestID. Mimi hilo jibu nililichukua kama malipo. Sio malipo. Hio ni kama kumtuma mtoto dukani akakujibu "sawa mama", bado hajaenda. Jibu la malipo yenyewe linakuja baadaye kwa anwani ya kolbaki uliyoandikisha, yaani pale kwa seva yako Safaricom wanapotuma matokeo, na pale ndio kuna ResultCode, ikiwa 0 amelipa, ikiwa 1032 amekataa mwenyewe, ikiwa 1037 simu yake haikupatikana ama hakujibu kwa wakati. Yule mteja alikataa ombi, ukurasa wangu ukamshukuru.

Nilimlipa mama 3,200 kutoka mfukoni kwangu. Alikataa kwanza, nikasisitiza, kosa lilikuwa langu.

Alafu nikachukua daftari nikachora tena ile hatua ya malipo upya, na pale ndio niligundua kwamba miaka yote ya dizaini nilikuwa nachora ukurasa mmoja tu, ule wa siku njema. Picha zimeingia, jina la mtu ni fupi na linatosha kwa mstari, intaneti iko, pesa imeingia. Sikuwahi kuchora ukurasa wa anayesubiri, ama wa aliyekataa, ama wa yule simu imezima katikati, ama yule hatujui kama amelipa au hajalipa. Kila mstari wa programu unauliza "na ikikataa?" Nikachora hali nne, inasubiri, imelipwa, imekataliwa, haijulikani bado, kila moja na maneno yake na cha kufanya baadaye, ndio nikarudi kwa msimbo, na ajabu ni kwamba msimbo ukawa mwepesi, kwa sababu sasa nilikuwa najua naandika nini.

Kwa hivyo kijana wangu wa geti, usiachane na dizaini. Anza kuchora zile kurasa hujawahi kuchora, alafu ujifunze kuzifanya zifanye kazi. Maswali leteni, niko.

#2 Mdau wa Rongai

Asante sana dada kwa huu uzi nimeusoma wote nikiwa kwa jam ya Magadi Road. Mimi nina maswali matatu, hesabu nilipata D kwa KCSE je nitaweza, lapi yangu ni ya mtumba RAM 4 itabeba kweli, na bando naona zinaisha na hizi video za masaa kumi.

#3 Mleta uzi

Karibu ndugu. Hesabu utakayotumia miaka miwili ya kwanza ni kujumlisha, kutoa, asilimia, na kujua kubwa na ndogo. Kama unaweza kugawa pesa ya chama bila watu kugombana hio inatosha kuanza. Kuna programu za michezo na za picha zinataka hesabu nzito, websaiti ya duka haitaki.

Lapi ya RAM 4 itabeba HTML (muundo wa ukurasa), CSS (sura yake) na JavaScript bila shida, unahitaji brauza moja na mahali pa kuandikia, usifungue tabu thelathini. Ukija kuanza vitu vizito utaongeza RAM, pale Luthuli wanakuwekea ukiwa umesimama.

Bando, acha video kwanza. Mimi nilitumia websaiti za kujifunzia zinaitwa MDN na freeCodeCamp, zote ni za bure na ni maandishi zaidi. Kuna nyingine inaitwa DevDocs, unapakua maelezo ya lugha unayotaka ukiwa na intaneti alafu unayasoma bila intaneti, mimi nilikuwa nayasoma stima ikipotea lapi ikiwa na chaji. Na video ina ubaya mmoja, ukimwangalia mtu akiandika unasikia umeelewa, alafu ukifungua ukurasa mtupu unakosa pa kuanzia. Kwa kila ukurasa mmoja utakaosoma, funga, uandike kitu bila kuangalia. Kikikataa, soma erori kwa sauti. Sio utani, soma kwa sauti kama unamsomea mtu barua.

#4 Mdau wa Zimmerman

Heshima kwako lakini naona unawadanganya vijana kidogo. AI saa hii inaandika hio Daraja yote kwa dakika moja, mimi mwenyewe nimejaribu imeniandikia na ikafanya kazi. Kwa nini mtu akeshe saa kumi asubuhi kujifunza kitu mashine inafanya? Afadhali abaki dizaina mzuri apandishe bei.

#5 Mleta uzi

Ndugu nashukuru umeuliza wazi. Mimi naitumia AI kila siku ya kazi, sitakuficha. Lakini ebu rudi kwa kisa cha viatu. Msimbo wangu ule wa kwanza pia "ulifanya kazi". Nilijaribu kwa simu yangu nikaweka PIN nikalipa, ikakubali, mara tano. Ulikuwa unafanya kazi mpaka mtu mmoja abonyeze kukataa. Sasa wewe ukipewa msimbo na mashine, utajuaje kama imesubiri kolbaki ama imeshukuru mapema? Utajua kama unaweza kuusoma. Na aliyeandika namba yake na 01 badala ya 07, ama akaanza na +254, ama akaacha nafasi katikati, itapita? Daraja inataka ianze na 254 bila ile alama ya kujumlisha. Na ile tokeni ya kuingilia inaisha baada ya saa moja, kwa hivyo kitu ulichojaribu saa nne kikakubali kinaweza kukataa saa sita na hujagusa chochote. Haya yote mashine itakufanyia ukiiambia, lakini lazima uwe umeshajua kuuliza, na mama wa viatu akipiga simu usiku hapigii AI, anakupigia wewe.

Kuhusu kubaki dizaina na kupandisha bei, ni njia nzuri pia, kuna watu nawajua wanakula vizuri kwa dizaini tupu. Mimi naandikia yule ambaye kuambia mteja "haiwezekani" kunamnyima usingizi.

#6 Mdau wa Buruburu

Mimi nimekuwa upande wa kuajiri kwa muda, wacha niongeze mawili matatu. Potifolio za madizaina zinakuja nzuri sana za picha, kurasa ishirini, zote za siku njema kama alivyosema dada. Nikipata mmoja tu ameweka kazi moja ambayo inafanya kazi kweli, nikaifungua kwa simu ya bei ya chini na intaneti ya kukatika nikaona imeniambia kinachoendelea, huyo namwita. Na nifungue historia yake ya Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, nione alivyokuwa anarekebisha, sio faili inaitwa websaiti_mwisho, websaiti_mwisho2, websaiti_mwisho_kabisa. Git iko tangu 2005, Linus Torvalds aliitengeneza kwa kazi ya Linux, ni ya bure, na wiki moja inatosha kujua zile amri tano utakazotumia kila siku.

La pili ambalo madizaina wengi wanasahau wakihamia huku. Ukiwa unachora picha hushiki siri ya mtu. Ukianza kuandika programu za maduka unashika majina, namba za simu, mahali watu wanaishi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, inakuhusu wewe na mteja wako. Usichukue kitu hukihitaji, na usiweke funguo za malipo ndani ya JavaScript ya ukurasa ambapo mtu yeyote anaweza kufungua akasoma. Nimeziona hizo funguo kwa kazi za watu wengi mno.

#7 Mleta uzi

Kaka wa Buruburu asante, hio ya funguo ni kweli kabisa, funguo zinakaa kwa seva, ukurasa unaongea na seva yako, seva ndio inaongea na Daraja.

Na kwa kuwa umegusa kuajiriwa niseme hili pia. Kazi yangu ya kwanza ya programu mshahara ulikuwa chini ya kile nilikuwa napata mwezi mzuri wa kufanya peke yangu. Nilikubali kwa sababu pale kulikuwa na watu wa kunisomea msimbo na kunirudishia. Miezi sita ya kurudishiwa kazi na mtu mwenye subira imenifunza kuliko ile miaka ya kujisomea. Nikienda kwa usaili niliwaonyesha lile daftari la hali nne za malipo, nimelipiga picha, na nikawaeleza kisa cha 3,200 bila kuficha. Waliniuliza maswali kwa saa nzima juu ya hilo tu, kadi zangu za harusi hawakuzifungua.

Jicho la dizaini halikupotea. Dizaina wa websaiti Ethan Marcotte aliandika habari ya kurasa kujikunja kulingana na kioo mwaka 2010, na mpaka leo naona waandishi wa programu hodari kabisa wanatengeneza kitufe cha kulipa kidogo kiasi kwamba kidole gumba cha mtu aliyesimama kwa matatu hakikipati. Hapo kwa timu ndio naitwa.

#8 Mdau wa Githurai

Dada samahani naingia na shida yangu. Nimefuata hapo juu, nina kikapu cha mitungi ya gesi, nimeweka Number() kama ulivyosema lakini jumla inaniandikia NaN. Nikabadilisha nikaweka parseInt, sasa bei ya mtungi imekuwa 1. Shilingi moja. Nimekaa hapa tangu saa mbili.

#9 Mleta uzi

Pole. Bei umeiandika vipi pale kwa ukurasa, nakili hapa vile ilivyo.

#10 Mdau wa Githurai

"1,500"

#11 Mleta uzi

Ni hio koma. Sisi tunaisoma elfu moja mia tano, Number() ikiona koma inasema hii sio namba, ndio maana ya NaN. parseInt nayo inasoma mpaka ikute kitu haielewi inasimama, imesoma 1 ikakuta koma ikaishia hapo. Toa koma zote kwanza kwa replaceAll(",", "") ndio ugeuze. Na vizuri zaidi, weka bei kwa msimbo kama 1500 tupu, koma uiweke tu wakati wa kumwonyesha mteja.

#12 Mdau wa Githurai

Imekubali!!! 1700. Asante dada Mungu akubariki.

Lakini ngoja. Nimejaribu kuacha ile sehemu ya idadi wazi kabisa nikabonyeza, Number() imenipa sufuri, haijalalamika, oda imeingia ya mitungi sufuri ya shilingi 200 ya bodaboda. Na mtu akiandika idadi ya kutoa, kama -2? Na akiandika "mbili" kwa maneno?

#13 Mleta uzi

Bandika hapa msimbo wa hio fomu yote, tuzichukue moja moja. Tuanze na ile ya sufuri.